Moto wa Kuchoma Pori: Nani Awashe, na kwa Faida ya Nani?

Somo letu la leo ni juu ya moto. Sisemi moto wa jikoni, wala moto wa ajali uunguzao nyumba ya mtu. Nasema juu ya moto ambao mtu huuwasha kwa makusudi, mchana peupe, ili achome nyasi au vichaka, naye akiamini kwamba anatengeneza pori.

Ukienda Mtae wakati wa kiangazi, ukasimama juu ya majabali usiku na kuitazama nyika ya Mkomazi kule chini, huenda ukaona mistari myekundu ikitambaa polepole gizani. Na huku kwetu Mlalo, kabla ya mvua, moshi huonekana juu ya miteremko, mtu mmoja akichoma takataka za shamba lake, mwingine akichoma majani makavu ili yaote mabichi kwa ng'ombe wake. Basi swali ni hili: je, moto wa namna hiyo ni dawa au ni sumu?

Ukiwauliza watu watatu utapata majibu matatu. Mfugaji atakuambia kwamba nyasi kuukuu hazina chakula ndani yake, tena zimejaa kupe, afadhali zichomwe. Bwana Miti atakuambia kwamba moto ni adui wa msitu na wa maji. Na yule wa tatu, ambaye hatumkumbuki mara nyingi, ni mwindaji. Huyu naye ana neno lake, na leo nataka tumsikilize sana, maana katika nchi nyingi duniani, na hata katika nchi yetu, pori kubwa huchomwa kila mwaka kwa ajili ya uwindaji. Tukifahamu jinsi anavyochoma na sababu yake, tutaweza kuamua vema zaidi mambo ya hapa kwetu.

Kwanza yafaa tufahamu moto wenyewe. Watu husema "moto ni moto", lakini sivyo. Nyasi zinazochomwa mara tu baada ya mvua kwisha zingali na maji katika mashina. Moto wake huwa mfupi, huenda polepole, huruka mahali pengine bila kupachoma, na jioni umande ukianguka huzimika wenyewe. Nyasi hizo hizo zikingojewa mpaka mwisho wa kiangazi huwa kavu kama karatasi. Upepo ni mkali, na miti ya miombo imekwisha kuanza kutoa majani yake machanga mekundu. Moto wa wakati huo hupanda juu, huunguza vichipukizi, na hupasua magamba ya miti. Ndipo wataalamu wakaita ule wa kwanza moto wa mapema, na huu wa pili moto wa kuchelewa.

Hayo si maneno ya kukisia. Mwaka 1933, huko Ndola katika nchi ambayo leo ni Zambia, vilipimwa viwanja vya majaribio katika pori la miombo. Kiwanja kimoja kilichomwa mapema kila mwaka, kingine kilichomwa kwa kuchelewa kila mwaka, na kingine kilizuiliwa moto kabisa. Mtaalamu mmoja, C. G. Trapnell, aliandika matokeo yake mwaka 1959. Kiwanja cha moto wa kuchelewa kilikuwa kimekaribia kuwa uwanja wa nyasi, na miti mingi mikubwa imekufa. Kiwanja cha moto wa mapema kilikuwa kingali na miti yake. Na kile kisichoguswa na moto kilikuwa kimeanza kuwa kichaka kizito chenye miti ya majani mabichi mwaka mzima. Ardhi ilikuwa ile ile na mvua ile ile. Tofauti ilikuwa moto tu.

Hapo Bwana Nyama, kama wazee walivyozoea kumwita ofisa wa wanyamapori, alipata hoja yake. Akasema, kwa kuwa moto utakuja tu, kwa mkono wa mrina asali au wa mpita njia, afadhali tuuwashe sisi mapema, uwe moto mdogo, kuliko kungojea ule mkubwa wa Oktoba. Katika mapori ya akiba ya kusini mwa nchi yetu, na hasa katika pori la Selous, kazi hiyo ya kuchoma mapema imefanywa kwa miaka mingi. Selous lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba karibu 50,000 kabla ya mwaka 2019, wakati sehemu yake kubwa ilipofanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sehemu nyingine zimeendelea kugawanywa katika vitalu vya uwindaji, na mgeni mwenye leseni huja huko kupiga nyati au simba kwa malipo makubwa ya fedha za kigeni.

Sasa angalia jinsi mambo yanavyokutana. Msimu wa uwindaji wa kitalii huanza tarehe 1 Julai. Pori likichomwa mwezi wa tano au wa sita, mwezi wa saba nyasi mpya zimechipua, fupi na tamu. Wanyama hutoka vichakani kuzifuata. Nyasi ndefu za kumficha nyati hazipo tena, gari hupita, na mwindaji huona mbali. Moto ule ule unaookoa miti ndio unaomletea mwindaji mnyama mbele ya bunduki. Silaumu jambo hilo, lakini nataka ulione, maana mtu akikuambia anachoma kwa ajili ya kulinda pori, una haki ya kumwuliza, "Pori kwa ajili ya nani?"

Tena moto wa mapema nao una madhara yake. Ukichoma mahali pamoja kila mwaka, hata kama moto ni mdogo, miche ya miti haipati nafasi ya kukua ikapita urefu wa moto. Miti mikubwa ipo, lakini haina watoto. Kobe, nyoka na viota vya ndege wa chini huteketea. Nyasi za akiba ambazo nyati angezila mwezi wa tisa zimekwisha kuwa majivu. Kwa hiyo wataalamu wenye busara huchoma mabaka mabaka: hapa mwaka huu, pale mwaka kesho, na pengine waache miaka kadhaa.

Ufundi huo wa mabaka una nchi ambayo umefanywa kwa muda mrefu na kugombaniwa sana, nayo ni Uingereza, hasa kaskazini yake na huko Scotland. Tusafiri huko kidogo kisha turudi nyumbani.

Juu ya vilima vya huko kuna ardhi ya baridi isiyo na miti mingi, imefunikwa na kichaka kifupi kisichozidi kiuno cha mtu, chenye maua ya zambarau mwezi wa nane. Kichaka hicho ni cha jamii ya erika. Ndani yake hukaa ndege mmoja wa rangi ya hudhurungi, mfano wa kwale wetu, naye hula machipukizi ya kichaka hicho. Ndege huyo hupenda mambo mawili yasiyopatana. Kwa chakula ataka erika changa, na kwa kiota na kujificha ataka erika kuukuu na ndefu. Basi wenye vilima huchoma vipande virefu vyembamba, wakati wa baridi ardhi ikiwa imelowa, na kila kipande hurudiwa baada ya miaka kumi, kumi na mitano, au zaidi. Ukitazama kilima hicho kutoka mbali ni kama nguo iliyoshonwa viraka.

Yote hayo hufanywa ili tarehe 12 Agosti, siku msimu unapofunguliwa, ndege wawe wengi kupita kiasi. Watu hutembea kwa mstari kuwafukuza, na wenye bunduki hungojea mbele wamejificha. Tarehe 12 Agosti 1915, mahali paitwapo Abbeystead, bunduki nane ziliua ndege 2,929 kwa siku moja. Na ukumbuke kwamba mwaka huo dunia ilikuwa katika vita kuu, na huku kwetu watu walikuwa wakibeba mizigo ya majeshi ya Wadachi na Waingereza.

Wanaotetea uchomaji wa vilima hivyo wana hoja, wala si za kudharau. Wasema kwamba bila moto erika huzeeka, na nchi yote hujaa vichaka vizito vitakavyowaka vibaya siku ya jua kali. Wasema kwamba ndege wengine wanaotaga chini, ambao wanapungua kwingineko, hustawi katika vilima vyenye walinzi. Tena wasema kwamba katika vijiji vile vya mbali kazi ni chache, na uwindaji huleta mishahara.

Wanaopinga nao wasema hivi. Chini ya erika mahali pengi pana udongo mweusi, laini, uliofanywa na mimea iliyokufa ikalowa maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza. Udongo huo hushika maji kama sponji, tena umefungia ndani yake hewa ya ukaa nyingi mno. Ukikauka na kuwaka, hewa hiyo hutoka na kuzidisha joto la dunia, na maji ya mito hugeuka rangi. Kadhalika wasema kwamba mlinzi anayelipwa ili ndege wa bwana wake wawe wengi humwona kila mwewe kuwa mwizi, naye mwewe hupigwa risasi au kutegewa sumu kwa siri ingawa sheria yamlinda.

Kuhusu mwewe ulifanywa uchunguzi huko Langholm, kusini mwa Scotland, kuanzia mwaka 1992 hadi 1997. Mwewe waliachwa bila kuguswa. Mwaka wa kwanza majike wenye viota walikuwa 2. Mwaka wa mwisho walikuwa 20. Ndege wa kuwindwa wakapungua hata uwindaji ukaachwa mahali pale. Kila upande ulichukua matokeo hayo ukasema, "Mnaona?" Mmoja ulisema mwewe huharibu uwindaji, na wa pili ulisema ndiyo ushahidi kwamba kwingineko mwewe wanauawa.

Mambo yakawa vile vile mwezi Juni 2018, vilima vya Saddleworth karibu na Manchester viliposhika moto hata askari jeshi wakaitwa kusaidia kuuzima. Hawa walisema moto ulikuwa mkubwa kwa kuwa vichaka havikuchomwa vya kutosha. Wale walisema ulikuwa mkubwa kwa kuwa udongo ule ulikaushwa kwa mifereji na kuchomwa kwa miaka mingi. Serikali ilianza kuingilia kwa sheria. Mwaka 2021, katika England, ilikatazwa kuchoma bila leseni mahali palipohifadhiwa penye udongo ule wenye kina cha zaidi ya sentimeta 40, na mwaka 2025 kipimo kikateremshwa kuwa sentimeta 30 na eneo likaongezwa. Bunge la Scotland nalo mwaka 2024 lilipitisha sheria ya kutaka leseni kwa uchomaji na kwa uwindaji wa ndege huyo.

Mimi nimewaeleza habari hizi kwa sababu moja. Kule Uingereza aliyeshika kiberiti ndiye mwenye ardhi, naye ni tajiri, na bado baada ya miaka zaidi ya mia moja serikali imemwambia, "Onyesha kwanza udongo ulio chini ya kichaka chako." Huko ndiko hoja ilikoishia: moto ni wa namna gani, juu ya udongo gani.

Sasa turudi Afrika, maana erika si mmea wa Wazungu peke yao. Tunayo hapa hapa. Ukipanda Kilimanjaro, ukipita msitu mkubwa, kabla ya kufika jangwa la mawe, utaikuta jamii ya erika. Lakini erika ya Kilimanjaro ikiachwa si kichaka cha kufika kiunoni. Ni mti, huweza kufika mita kumi, na matawi yake yamening'inia mimea midogo kama ndevu za mzee. Ukungu ukipita, matone hunaswa na ndevu zile, yakadondoka chini, yakaingia ardhini. Mti ule hukamua maji kutoka katika wingu hata siku isiyo na mvua, na maji hayo ni sehemu ya yale yanayoshuka mpaka mifongo ya Wachaga na mto Pangani.

Ukiuchoma msitu wa erika, hauwi mchanga na mtamu kama kichaka cha Scotland. Ukichomwa mara kwa mara hugeuka vichaka vifupi na nyasi za mashungi, ambavyo huwaka kwa urahisi zaidi, na moto unaofuata hushuka chini zaidi kuutafuta msitu. Mtaalamu Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba mioto imeuteremsha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba hasara ya maji kwa kupotea msitu huo ni kubwa kuliko ile ya kuyeyuka barafu. Watu wote duniani huililia barafu ya Kilimanjaro, kwa kuwa yapendeza katika picha. Mti wenye ndevu hauna anayeulilia. Mwezi Oktoba 2020 moto ulioanzia upande wa Whona uliunguza karibu kilomita 95 za mraba, na Oktoba 2022 ukawaka tena upande wa Karanga.

Basi tazama. Mimea ni ya jamii moja. Mahali pamoja moto huifanya iwe changa, mahali pengine moto huimaliza na maji pamoja nayo. Anayesema "wataalamu wa Ulaya huchoma, nasi tuchome" hajafahamu, na anayesema "moto wote ni dhambi" naye hajafahamu.

Kuna habari nyingine ya kwetu ambayo napenda sana kuieleza, kwa sababu inaonyesha kwamba moto una ndugu. Zamani sotoka ilipoingia katika miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyumbu wengi mno. Baadaye ng'ombe wa kuzunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kiasi cha 250,000. Kufika mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Wakala nyasi. Nyasi zilipoliwa, moto ulikosa chakula, mioto ikapungua, na miti ikaanza kuota tena mahali palipokuwa wazi. Kwa hiyo mnyama na moto hula sahani moja. Ukimwondoa mla nyasi, umemwekea moto akiba.

Neno hilo latuleta Mkomazi, kule chini yetu. Mkomazi lilifanywa pori la akiba mwaka 1951, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 3,200. Wafugaji waliokuwamo waliruhusiwa kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1988 wakaondolewa pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 pori likawa hifadhi ya taifa. Waliotaka waondolewe walisema ng'ombe wao na mioto yao vinaharibu nchi. Baadaye wataalamu wengine, kama Katherine Homewood na Dan Brockington, walichunguza wakasema ushahidi wa uharibifu huo ni hafifu. Mimi siwezi kulimaliza shauri hilo katika somo moja la redio, lakini nalitaja ili mwone ubaya unapoingia. Mfugaji akichoma nyasi kwa ajili ya ng'ombe, huitwa mharibifu. Ofisa akichoma nyasi katika pori la akiba, au mwenye kitalu akichoma kwa ajili ya mgeni wake, huitwa mtunzaji. Huenda ofisa ana haki kwa kuwa anachoma mwezi unaofaa na mfugaji amechelewa. Basi na amwambie mfugaji hivyo, amfundishe mwezi, ampe kibali. Mtu akinyimwa kibali kila mara, hataacha kuchoma. Atachoma usiku, peke yake, wakati wa ukavu, halafu atakimbia. Moto wa namna hiyo hauna mwenyewe, na hakuna wa kuuzima. Huo ndio moto mbaya kuliko yote.

Sisi wa Mlalo twalijua jambo hilo kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilileta hapa mpango wake wa kuokoa udongo, ambao baadaye ulienezwa Usambara yote. Watu waliamriwa walime matuta juu ya miteremko, na wengi walioinama na majembe walikuwa mama na bibi zetu. Hofu ya kuchukuliwa udongo na mvua ilikuwa ya kweli. Hata leo twaiona mito ikiwa myekundu wakati wa masika. Lakini amri ilishuka kutoka juu, kazi ilikuwa nzito, na faida haikuonekana shambani. Watu waliikataa, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Ushauri unaoletwa kwa faini huondoka na mleta faini.

Sasa tufanyeje? Milima yetu na nyika yetu si kitu kimoja, ingawa mto Umba unaoanzia msitu wa Shagayu huviunganisha vyote viwili. Katika misitu ya Shagayu na Magamba moto usiingie kabisa, wa mapema wala wa kuchelewa. Msitu ule ni ndugu wa msitu wa Kilimanjaro. Hunywa ukungu, na sisi hunywa kwake. Haukuzoea moto kama miombo ya Ndola. Kando ya msitu na kando ya mashamba ya miti ya Shume, kazi ya maana ni kufyeka barabara ya moto kila mwaka kabla ya ukavu, na kijiji kizima kijue nani anaisafisha sehemu ipi.

Huko nyikani, kwa upande wa Mng'aro na Lunguza, mambo ni mengine. Hapo uchomaji wa mapema waweza kufaa, lakini kalenda ya Ndola au ya Selous haifai kunakiliwa. Kule mvua ni moja, huku tuna masika na vuli, kwa hiyo tuna viangazi viwili. Moto wa mapema kwetu ni ule wa mara tu baada ya masika, nyasi zikiwa nusu kijani. Moto wa Septemba ni wa kuchelewa, hata kama mtu anauita wa mapema. Na wa Februari, upepo ukivuma, ni wa hatari vile vile.

Kuhusu takataka za shamba juu ya mteremko, maoni yangu ni kwamba zisichomwe. Majivu hupendeza kwa macho, na mahindi ya mwaka wa kwanza huwa ya kijani sana, lakini ardhi imevuliwa nguo siku chache kabla ya mvua kubwa. Zilaze takataka kwa mstari kuukata mteremko, zizuie udongo, au uzioze ziwe mbolea.

Ikiwa ni lazima kuchoma, basi kumbuka kwamba moto hupenda kupanda. Ukiuwasha chini ya mlima, ndimi zake hukausha nyasi zilizo juu yake kabla hazijafikiwa, nao hukimbia kuliko mtu. Kwa hiyo uwashe kutoka juu, ushuke polepole kupingana na mteremko na upepo. Fyeka kwanza ukanda mpana kuzunguka, mpaka udongo uonekane. Waambie jirani wote siku na saa. Wawepo watu wenye matawi mabichi, majembe na ndoo za maji. Ngojea jioni upepo ukitulia, na usiondoke hata kisiki cha mwisho kizimike, maana kisiki huweza kulala na moto siku mbili kikaamka. Tena usianze bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kuchoma ovyo, na kibali kikiandikwa moto umepata mwenyewe.

Kwa vikundi vya kusikiliza, naomba mzungumze juu ya mambo haya kabla hamjatawanyika. Katika kijiji chenu, mara ya mwisho moto ulipotoka shambani ukaingia msituni ulikuwa mwezi gani, na ulianzia mteremko upi? Nani kijijini atoa kibali cha kuchoma, na je, mama mwenye nusu eka aweza kukipata bila kupanda gari kwenda Lushoto? Wazee walio na ng'ombe waulizwe walikuwa wakichoma mwezi gani zamani, na kwa nini mwezi ule. Katibu wa kikundi aandike majibu, na mwezi utajwe kwa jina lake, maana "wakati wa kiangazi" haitoshi.